Nani aliyejenga zahanati? Swali juu ya vyombo vya habari na uraia wa vijana wetu

Mwalimu wa Njoro anauliza:

Wenzangu, nafundisha Historia na Serikali katika shule ya upili ya kutwa huku Njoro, Kaunti ya Nakuru, na swali ninalolileta limekuwa likinisumbua tangu muhula uliopita. Tulikuwa tumefika kwenye mada ya mapato na matumizi ya fedha za umma, nami nikawaambia wanafunzi wa kidato cha nne waandike, kwa sentensi moja tu, ni nani aliyejenga zahanati iliyo karibu na shule. Nilidhani ni swali la kuamsha darasa tu. Karibu wote waliandika jina la mwanasiasa mmoja. Watatu waliandika "serikali". Msichana mmoja, ambaye mama yake huuza sukumawiki sokoni, aliandika "sisi", kisha akapitisha kalamu juu ya neno hilo na kuandika jina la mwanasiasa kama wenzake. Kosa la wale wengine naweza kulisahihisha katika kipindi kimoja. Ule mstari juu ya neno "sisi" sijui nitausahihisha vipi.

Nilipowauliza wamejuaje, wengi walisema walisikia redioni, na wengine waliona video ya uzinduzi katika simu ya kaka au dada. Basi nikawapa kazi ya wiki moja: kila mtu asikilize taarifa ya habari ya jioni nyumbani kwao, kwa lugha yoyote inayosikilizwa pale, na aandike kitenzi kinachotumika kila mara kiongozi anapotajwa pamoja na mradi. Vitenzi vilivyorudi darasani vilikuwa vichache mno: ametoa, amewapa, amewaletea, amewajengea, amewakumbuka. Hicho cha mwisho kilinishangaza kuliko vyote, kwa kuwa mtu anayekumbukwa ni mtu ambaye angeweza kusahauliwa bila mtu yeyote kulaumiwa, kama mpwa anayengoja zawadi kutoka kwa mjomba aliye ng'ambo.

Wanafunzi hawa wanazijua ibara zote zinazohitajika katika mtihani. Watakutajia Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 2010 na maadili yake ya kitaifa, na ukiwauliza juu ya Ibara ya 201 watakuambia kwamba fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi wakishirikishwa. Asubuhi wanasoma kwamba wao ndio wenye mamlaka. Jioni wanasikia kwamba wao ni wapokeaji, na mpokeaji mwenye adabu hamdai mtoaji risiti.

Nimesoma kidogo juu ya utafiti wa McCombs na Shaw, waliochunguza wapiga kura mia moja huko Chapel Hill, Marekani, wakati wa uchaguzi wa 1968, wakaona kwamba masuala yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo hayo hayo wapiga kura waliyoyaona kuwa mazito. Lakini uchunguzi huo ulihusu mada. Ninachokiona mimi kimejificha chini ya mada, katika sarufi yenyewe: nani ni mtenda katika sentensi, na nani ni mtendewa.

Je, lugha ya habari ndiyo inayowafanya vijana wajione wapokeaji, au redio inarudia tu yale ambayo sisi wazazi tumeyaamini siku zote? Na mwalimu mwenye vipindi vichache kwa wiki afanye nini mbele ya redio inayosikilizwa kila siku?

Sikio la Dunga anajibu:

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Nilikuwa mhariri wa habari katika kituo kimoja cha redio cha upande huu kuanzia 2005 hadi nilipostaafu 2016, na kwa kuwa nitasema mambo yasiyopendeza, kituo chenyewe sitakitaja.

Kitenzi unachokitafuta hakizaliwi katika chumba cha habari. Kinafika pale kikiwa kimekwisha kuvaa na kuchana nywele. Mwandishi wa mashinani hulipwa kwa kila habari iliyotumika, siyo kwa mwezi, na gari hana. Siku ya uzinduzi hupitiwa na gari la ofisi ya mheshimiwa, hupelekwa, hulishwa, hurudishwa. Anapofika anakuwa na mambo matatu: sauti ya mheshimiwa iliyorekodiwa kwa dakika nane, taarifa iliyochapwa na watu wa mawasiliano wa ofisi hiyo hiyo, na mara nyingine bahasha ambayo sisi tuliiita "nauli" ili tuweze kulala usiku. Saa kumi na moja jioni mhariri ana habari nane za kupanga na msomaji mmoja aliyechelewa. "Mheshimiwa amewapa wakazi zahanati" inakwenda hewani kwa sababu hakuna aliyekuwa na dakika tano za kuiuliza ile sentensi maswali. Watu hudhani kuna njama. Mara nyingi ilikuwa njaa na haraka, na kwa upande wangu nakiri kwamba uvivu pia ulikuwapo.

Hata hivyo kitenzi hicho kina historia, na historia hiyo ina maana kwako kama mwalimu wa somo lile. Wa rika langu wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ya redio ya taifa ilivyoanza na Rais kila jioni, hata kama siku hiyo alikuwa amekwenda kanisani tu. Baada ya Rais zilifuata harambee: nani alichanga kiasi gani, kwa shule gani, kwa niaba ya marafiki gani. Katika harambee, kusema kwamba mtu "ametoa" ilikuwa halali, angalau kwa sura yake ya nje, kwa sababu fedha zilitajwa kuwa zimetoka mfukoni mwake. Halafu mwaka 2003 ukaja Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ambao sheria ya mwaka 2015 iliutengea si chini ya asilimia 2.5 ya sehemu ya mapato inayobaki kwa serikali ya kitaifa. Fedha zikabadilika, zikawa za mlipa kodi, lakini kitenzi hakikubadilika. Kilitoka mfukoni mwa mtu kikahamia katika hazina ya umma bila kupiga hodi, nasi wahariri tulikuwa tumesimama mlangoni tukitazama. Sasa hata basari ya mtoto husomwa redioni kama sadaka.

Unauliza kama redio ni kioo tu. Nilikuwa kazini Desemba 2007, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi mkuu, na siwezi kukubali kwamba ni kioo. Tarehe 30 ya mwezi huo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nasi tukabaki tukicheza nyimbo huku moshi wa mtaa wa Kondele ukionekana dirishani. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na ripoti yake ikavitaja baadhi ya vituo vya lugha za asili miongoni mwa vilivyochangia uchochezi. Wengi hufikiri uchochezi ni mtu kusema hewani "wapigeni". Mara chache ilikuwa hivyo. Kazi ilifanywa na maneno madogo zaidi: sisi, wao, wageni, na huko kwenu Bonde la Ufa, madoadoa, yaani majirani wa makabila mengine. Miezi kadhaa ya simu za wasikilizaji, kila mpigaji akirudia "sisi" isiyomhusu jirani yake, ilimfundisha kijana wa miaka kumi na minane mipaka ya taifa lake kuliko mwalimu yeyote wa uraia.

Baada ya hapo tulijifunza somo letu kupita kiasi. Mwaka 2013, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilipogoma katika vituo vingi na upitishaji wa matokeo kwa njia ya kielektroniki ukakwama, tulitangaza kwa sauti ya chini, tukaongeza nyimbo za amani. Tuliogopa kuwa sisi tutakaowasha kiberiti. Vijana wa hapa Kisumu hawakusikia uangalifu wetu; walisikia kwamba swali lao ni hatari kwa nchi. Naamini hapo ndipo wengi walipoizima redio, na sina haki ya kuwalaumu.

Mwanafunzi, Maseno anajibu:

Mwalimu, na mzee wetu wa Dunga, naomba kutofautiana nanyi kwa heshima. Nina umri wa miaka 22, na katika nyumba ya kupanga ninayoishi pamoja na wenzangu watano hakuna redio hata moja. Mnajadili kitenzi ambacho kwa wengi wetu kilikwisha kufa Juni 2024.

Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipotoka, hatukuusikia kwa kusomewa na mheshimiwa. Tuliusoma wenyewe kwenye simu, au tuliusomewa na mtu wa rika letu aliyeketi kitandani akiwa na faili ya kurasa nyingi, akisema, hiki ndicho kifungu, na maana yake ni kwamba mkate utatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mwenye gari atatozwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Nilisikiliza maelezo ya vifungu hivyo kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kiluhya na kwa Kijaluo kabla sijaona gazeti lolote. Mapendekezo ya mkate na magari yaliondolewa tarehe 18 Juni, maandamano yakaendelea hata hivyo, na siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge tarehe 25, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Watu waliuawa kwa ajili ya jambo hilo, na sitaki lisimuliwe hapa kama sherehe. Nasema tu kwamba kwa majuma kadhaa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega, kitenzi kilikuwa "tunalipa", na mtenda wa sentensi alikuwa sisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mwalimu ni kwamba chombo kikibadilika, sarufi hubadilika. Yule msichana wako angekuwa na bando siku zile, huenda asingelifuta neno lake.

Lakini nisijidanganye. Simu ilitufundisha vizuri neno "kataa", na neno hilo linatosha kwenye video ya sekunde sitini. Haikutufundisha kufuatilia. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ile iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwishoni mwa Oktoba Mahakama ya Juu ikaamua kinyume chake. Niliwauliza wenzangu watano kama wanajua jambo hilo liliishia wapi. Mmoja alijua, naye anasomea sheria. Hukumu ya kurasa mia na zaidi haina mtu wa kuisoma kitandani.

Pili, wale wanaotoa na kuwakumbuka watu wamehamia simuni pia. Mzee ametaja bahasha ya mwandishi. Siku hizi bahasha hutumwa kwa simu kwa kijana mwenye wafuasi wengi ili alipandishe jina la mheshimiwa, na kijana huyo, tofauti na mwandishi wako, hana mhariri hata aliyechoka.

Na tatu, jambo ambalo nalisema kwa aibu. Katika uchaguzi wa 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017, ingawa ndio umri ulio na watu wazima wengi zaidi nchini. Mimi niliyewaelezea wenzangu vifungu vya mswada nilijisajili mwaka jana tu, na si kwa sababu ya video yoyote. Mama aliniuliza mezani, mbele ya wageni, kadi yangu iko wapi.

Mweka Hazina, Mumias anajibu:

Mwalimu, Mzee, na mdogo wangu wa Maseno, nimewasoma wote nikiwa stejini nikingoja abiria. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha waendesha bodaboda arobaini hapa Mumias. Sikufika chuo, lakini nina daftari, na nataka kuwaambia jambo nililoliona katika daftari hilo.

Wanachama wangu wote ni vijana, na hakuna mkaguzi wa hesabu mkali kama wao. Mwaka juzi shilingi mia mbili hazikuonekana katika hesabu za Ijumaa, nikawekwa kikao kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku mpaka tulipogundua kwamba mtu mmoja aliandikwa kuwa amelipa kabla hajalipa. Hawakunionea. Vijana hao hao, siku mwanasiasa alipopita stejini akaacha shilingi elfu tano za "chai", walimbeba mabegani. Hakuna aliyemuuliza zimetoka wapi. Nikajiuliza usiku ule, kama maadili ya uraia ni kuuliza pesa imekwenda wapi, basi hawa wanayo tele kila Ijumaa. Kwa nini yanawaishia njiani?

Jibu nililolipata ni kwamba pesa ya kikundi wameitoa kwa mkono wao, wanaijua uzito. Kodi hawajawahi kuiona ikitoka. Ukimwambia kijana wa bodaboda kwamba yeye ni mlipa kodi anacheka, anadhani kodi ni ya walimu na watu wenye hati ya mshahara.

Basi nikapiga hesabu ubaoni, ule ubao tunaoandikia zamu. Kila lita ya petroli ina Ushuru wa Matengenezo ya Barabara wa shilingi 25, tangu ulipopandishwa kutoka 18 mnamo Julai 2024. Mwenzetu wa kawaida hutia lita tatu kwa siku, hivyo hulipa shilingi 75. Kwa siku 26 za mwezi ni 1,950. Kwa watu arobaini ni 78,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 936,000. Hiyo ni ushuru mmoja tu. Ile asilimia 16 aliyoitaja mdogo wangu sikuigusa. Steji moja ndogo ya Mumias, karibu milioni moja kila mwaka kwa ajili ya barabara, nasi tunapita kwenye mashimo tukimshukuru mtu aliyemwaga lori mbili za changarawe.

Walinyamaza kwa muda. Kisha mmoja akauliza, na hili ndilo linalonirudisha kwenye swali la Mwalimu, "Kwa nini hili hatujawahi kulisikia redioni?" Maana sisi redio tunayo. Mdogo wangu, huko Maseno mmeizima, lakini hapa kuna spika kwenye kibanda cha muuza chai, inalia kuanzia alfajiri, tunajua bei ya mafuta inapotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, tunaijua hadi senti. Mtangazaji husema bei imepanda au imeshuka, hulaumu au husifu, halafu hucheza wimbo. Ndani ya bei hiyo kuna orodha ya kodi yetu, nayo hupita kila mwezi bila mtu kuifungua.

Kwa hiyo sidhani tatizo ni kitenzi peke yake, Mwalimu. Hata ukisema "wananchi wamejenga zahanati", kijana atasikia maneno mazuri ya mkutano. Mwonyeshe kwanza shilingi yake ilipotoka, kitenzi atakitafuta mwenyewe.

Sikio la Dunga anajibu tena:

Mweka Hazina, nimeisoma hesabu yako mara mbili, na nilipoimaliza nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango uliokuwa nyuma ya kiti chake kwa miaka kumi na mmoja. Habari ya bei ya mafuta niliihariri kila mwezi. Ilikuwa habari ya dakika moja na nusu, na wakati wote nilidhani mtu wa kuhojiwa ni mchumi wa Nairobi, ambaye hapatikani kwa simu.

Nakupinga kidogo tu. Ulipoandika hesabu ile ubaoni, watu walikusikiliza kwa sababu ni wewe, mtu waliyemkalisha kikao kwa ajili ya shilingi mia mbili na akatoka msafi. Mtangazaji angeisema hewani, wangesema amelipwa na upinzani. Kama uko tayari, rekodi maelezo hayo kwa sauti yako, dakika mbili tu, kwa Kiswahili au kwa Kiwanga. Bado najuana na vijana wawili watatu walio katika vyumba vya habari, na habari isiyo na gharama ya gari mhariri huipenda.

Mwalimu wa Njoro anarudi:

Nawashukuru wote watatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliyapeleka maneno yenu darasani, bila majina, na mambo yakawa marefu kuliko nilivyopanga.

Hesabu ya Mumias ndiyo iliyofanya kazi. Tulichukua mafuta ya taa, sabuni na petroli, tukaanza kuuliza kila kimoja kina kodi gani, na yule msichana aliyelifuta neno "sisi" akasema mama yake huja na mboga kwa bodaboda kila asubuhi, kwa hiyo kuna ushuru wa barabara hata ndani ya sukumawiki. Sikuwa nimemfundisha hilo. Nakubali basi kwamba nilianza mwisho, Mweka Hazina, kwa kudhani nikibadilisha sarufi nitabadilisha mawazo.

Hata hivyo siachi sarufi yote. Niliwapa vichwa vya habari kumi waviandike upya, mtenda akiwa ni mlipa kodi, na mvulana mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, habari yangu sasa ni ya kweli, lakini haina mtu ndani." Ana haki. Kiongozi ana sura, ana kofia, ana sauti ya dakika nane. Mlipa kodi ni umati. Nadhani hapo ndipo vyombo vya habari vinaposhindwa hata vinapokuwa vyaminifu, na ndiyo maana ubao wa stejini ulivishinda: ulikuwa na watu arobaini wenye majina. Paul Lazarsfeld na wenzake, walioufuatilia uchaguzi wa 1940 katika kaunti ya Erie, Ohio, walikuta kwamba watu wengi hawakuyapokea mambo moja kwa moja kutoka redioni na magazetini, bali kupitia kwa jirani anayesikiliza kuliko wao na anayeaminika. Wangeielewa steji ya Mumias mara moja, na mama wa mdogo wetu wa Maseno pia.

Kuhusu kufuatilia, ambako mwanafunzi wa Maseno amekiri udhaifu wao, tumejaribu jambo moja. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kila raia kuiandikia ofisi ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza sababu, na ofisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Darasa liliandika barua kwa Kiswahili, nami nikaitia saini kwa kuwa wao bado hawana vitambulisho, tukiuliza ile zahanati iligharimu kiasi gani na fedha zilitoka katika fungu gani. Barua ya kwanza ilikuwa na anwani isiyofaa. Mwanasiasa ambaye jina lake liliandikwa na karibu darasa zima ni mbunge, na ilikuwa lazima wanafunzi waifungue Jedwali la Nne la Katiba ndipo watambue kwamba zahanati ni kazi ya serikali ya kaunti. Kulikuwa na kicheko kirefu, halafu kimya, kwa sababu walianza kuhesabu ni mara ngapi walikuwa wamemsikia mtu huyo akishukuriwa kwa jengo hilo.

Barua ya pili ilipelekwa kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake imebandikwa ukutani nyuma ya darasa, karibu na ratiba. Kila asubuhi mmoja wao huandika namba pembeni yake kwa kalamu nyekundu. Leo ameandika 14.